Saipresi ya Ndeeba iliyopakwa rangi kwenye ncha: nyota moja, na hiyo ni ya podo

Nina hasira na sitazificha. Kama unatafuta ubao wa kurandia kwa kanna, ile randa ya Kijapani inayovutwa badala ya kusukumwa, kuna yadi moja Ndeeba, Kampala, ambayo ncha za mbao zake zote zimepakwa rangi nyekundu. Saipresi yao usiiguse. Rangi ile inafunika pete za mti, na bila kuona pete unanunua gizani.

Nilikwangua sehemu ndogo tu kwa kisu. Muuzaji akanipokonya ubao: "Ssebo (bwana), unanunua mbao au unachagua mke?" Wapakiaji wakaangua kicheko.

Ndiyo, nachagua, maana nataka maranda membamba kupindukia yanayotoka mazima bila kukatika. Maikroni 10 ni sehemu moja ya mia ya milimita. Kwenye Kezuroukai, mashindano ya maranda membamba huko Japani, mafundi hushuka chini ya hapo, na mti wao ni hinoki, saipresi ya Kijapani. Saipresi yetu ni ya ukoo huohuo, laini na isiyo na utomvu wa kunata, ndiyo maana naifuata. Paini ya mashambani hukua mbio: pete pana, tabaka laini na gumu zikipishana, na maranda hutoka yamechanika vipande. Mvule ni mbaya zaidi. Nyuzi zake zinapindana, tena ndani huwa na vijiwe vya chokaa vinavyomega makali uliyoyahangaikia kwenye jiwe la kunolea.

Kwenye ncha tafuta pete zilizobanana, zinazosimama wima chini ya uso utakaouranda. Ukiona kiini cha mti, rudisha. Kisha tazama ubavuni: nyuzi zikikimbilia nje ya uso, ulimi wa randa unazikata fupifupi na maranda yanakatika. Macho yakishindwa, dondosha wino. Utasambaa kufuata nyuzi. Au omba kipande cha mwisho ukipasue kwa panga, ufa utakuonyesha njia. Fundo hata moja halifai. Kwa ulimi wa milimita 70, ubao wa upana wa milimita 50 unatosha.

Halafu jua! Wanaanika mbao wazi mpaka zinapasuka. Mbao kavu namna ile, ukipunguza unene wa maranda, inatoa vumbi. Mimi nataka iliyotoka msumenoni karibuni, ifungwe kwa nailoni, na ipanguswe kwa kitambaa chenye maji kabla ya mivuto ya mwisho.

Ubao alionichagulia yeye, nilipoutoa rangi, kiini kilikuwa katikati kabisa. Katikati! Kwa hiyo alijua.

Lakini haki isemwe. Podo niliyochukua palepale ilitoa maranda mwanzo hadi mwisho bila kukatika, unasoma gazeti kupitia kwayo. Pete za podo hazionekani vizuri hata ncha ikiwa safi, basi rangi haikuniibia kitu. Wino na panga vilitosha. Kwa podo ningewapa nyota nne. Ningewapa, kama si mdomo wa yule bwana, na nikikumbuka kile kicheko naondoa tatu.

Ukienda, mkataze muuzaji kuupitisha ubao kwenye mashine ya kuranda "ili uwe safi". Visu vya mashine, hasa vikiwa butu, huponda nyuzi za juu, na itakubidi uondoe tabaka lote lililopondwa ndipo kanna ianze kutoa maranda mazima.