Plasta za jeli za malengelenge: kuponya zinajua, kuzuia bado

Boksi linajinadi kwa mambo mawili: plasta hizi zinaponya malengelenge, na zinayazuia. La kwanza nalikubali kwa mikono miwili. La pili ndilo limenifanya niandike.

Nazungumzia zile plasta nene kidogo, rangi ya nta, ambazo hazina kile kipamba cha katikati. Ni haidrokoloidi: ndani ya gundi kuna vitu kama pektini na jelatini, vikikutana na majimaji ya kidonda vinayafyonza na kuvimba vikawa jeli. Kidonda kinabaki na unyevunyevu wake bila kushika gaga, na huo unyevu ndio unaosaidia ngozi mpya iote.

Mimi najiandaa kwa marathoni. Mbio zangu ndefu zikishapita kilomita 25, kisigino cha kulia kinaanza kudai chake. Lengelenge lenyewe ni kitu kidogo, hata kulitaja mbele ya watu mtu anaona aibu. Lakini ukianza kuchechemea ili kukihurumia kisigino, mzigo unahamia kwenye goti na nyonga, na hapo ndipo mazoezi huharibika kwelikweli. Kwa hiyo siichukulii plasta kama urembo.

Kuibandika kunataka subira. Osha mguu kwa sabuni, ukaushe hadi katikati ya vidole, na siku hiyo losheni iache. Ipashe plasta joto kati ya viganja kabla ya kubandua karatasi yake, maana gundi baridi haishiki. Bandika ukianzia katikati kwenda kingoni, kisha funika kwa kiganja kwa muda. Asubuhi utakuta imetokeza kibonge cheupe katikati. Wengi wakikiona wanadhani ni usaha, wanabandua. Usiibandue! Ile ndiyo jeli, na maana yake kazi inaendelea. Mimi nilivaa raba zangu nikatoka kwa mwendo wa polepole, na pale ambapo jana yake nilikuwa nakunja uso kila hatua, nilisikia mgandamizo tu.

Iache siku kadhaa, hadi ianze kuachia yenyewe. Wakati wa kuitoa usiivute kwenda juu, utaondoka na ngozi ya lengelenge ambayo ndiyo kinga yako. Shika ukingo uunyooshe sambamba na ngozi, nayo itaachia taratibu. Kaharufu kapo kidogo, ukivue kiatu mbali na watu.

Sasa hilo la kuzuia. Niliibandika kwenye kisigino kisicho na lengelenge, kabla ya mbio ndefu, kama boksi linavyoshauri. Mguu ukishalowa jasho, kingo zilijikunja, gundi ikahamia kwenye soksi, na ule mkunjo wenyewe ukageuka kuwa kitu cha kusugua. Soksi ile hadi leo ina doa linalonata.

Ukifikiri jinsi lengelenge linavyotokea, hata si ajabu. Ngozi ya juu inakuwa imeng'ang'ania soksi yenye unyevu, huku mfupa ukiendelea kwenda mbele na kurudi kila hatua. Tabaka zilizo katikati zinavutwa huku na huku hadi zinaachana, majimaji yanajaa. Kitu kinene chenye kingo kinachoweza kuhama, sioni kitasaidia nini hapo.

Kwa kuzuia, mimi nimerudi kwenye tepu ya karatasi, ile nyembamba ya kubandikia bandeji, ambayo bei yake ni nafuu kuliko plasta hizi kwa mbali. Si dawa ya kienyeji yangu: Grant Lipman wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake waliijaribu kwa wakimbiaji 128 wa mbio za siku nyingi, na matokeo waliyotoa mwaka 2016 yalionyesha malengelenge yamepungua kwa takriban asilimia 40. Tepu moja, laini, bila mikunjo, na soksi isiyo ya pamba juu yake. Basi.

Tahadhari moja ambayo boksi limeiandika kwa herufi za sisimizi: lengelenge likiwa na usaha, au ngozi ya pembeni ikiwa ya moto na wekundu unasambaa, usilifunike kwa plasta hii, nenda ukaonwe. Na mwenye kisukari asijibandike chochote mguuni kabla ya kuuliza daktari wake.

Lalamiko langu la mwisho ni saizi. Ukinunua boksi la mchanganyiko, za kisigino zinaisha upesi, unabaki na vile vidogo vya vidoleni ambavyo kwenye kidole cha mwisho havikai hata ufanyeje. Nunua boksi la za kisigino tupu. Ukihitaji ndogo, ikate kwa mkasi na uzungushe pembe zake, maana pembe kali ndiyo inayoanza kubanduka.