Kibanda cha dagaa mwalo wa Katonga, Kigoma: ghali kidogo, lakini nitarudi

Nafundisha baiolojia sekondari hapa Tabora, na kila nikienda ukweni Kigoma walimu wenzangu huniagiza dagaa. Siku hizi nanunua sehemu moja tu: kibanda cha mabati jirani na vichanja vya kuanikia, mwalo wa Katonga. Hakina bango. Ulizia mama anayekataa dagaa wachanga, utaonyeshwa.

Dagaa wake weupe wa kung'aa, wakavu kiasi kwamba ukimkunja mmoja anakatika. Wanaanikwa juu ya vichanja vya nyavu, kwa hiyo ukiwaroweka huoni mchanga chini ya sufuria. Sisi tunawakaanga na vichwa vyao, kisha nyanya, kitunguu na pilipili mbuzi. Wale waliogeuka rangi ya njano, wenye harufu ya mafuta yaliyochacha, kwake sijawahi kuwakuta.

Bei yake imezidi ya majirani kwa elfu mbili kila kilo, na wateja wengi wanaishia hapo. Mimi nalipa kwa sababu ya nilichokiona. Kijana alimletea ndoo ya dagaa wa kokoro, wavu uliopigwa marufuku, wadogo mno. Mama akawaweka kiganjani, akawatazama, akamrudishia ndoo yake. "Mwalimu, hawa hata kuzaa hawajazaa," akaniambia. "Nikimnunulia, kesho atakuja na ndoo mbili."

Ana haki. Dagaa hukomaa kwa miezi michache tu, na maisha yake hayavuki sana mwaka mmoja. Ziwa halina akiba ya dagaa wazee wa kutuokoa mwaka ukiwa mbaya. Wachanga hukaa karibu na ufukwe, na huko ndiko kokoro linakovutwa. Migebuka nao wanaishi kwa kuwala hao hao. Ukimaliza dagaa umemnyima chakula na samaki wa mezani kwako.

Darasani natumia mfano wa Peru. Mwaka 1970 walivua baharini zaidi ya tani milioni 12 za anchoveta, jamaa ya dagaa wetu. Uvuvi ulipopita kiasi, na joto la maji ya bahari la El Niño likaongezeka juu yake, kufikia 1973 walipata kama milioni 2 hivi. Leo huko Peru wachanga wakizidi sehemu moja ya kumi ya mavuno, eneo hufungwa. Mama huyu anafanya ukaguzi huo kwa kiganja, bila mtu kumsimamia.

Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi, tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, aliuza mzigo wa zamani mpaka ukaisha, kisha akafunga kibanda. Nyumbani tulikula kisamvu na maharage, na sikumlaumu.

Kasoro zipo. Kiroba anachofungia ni chepesi, na kwenye treni kinapata unyevu. Njoo na boksi lako gumu. Usipodai mzani anakupimia kwa kisado. Chenji ni shida, afadhali ulipe kwa simu.

Wavuvi huwavuta dagaa kwa taa, kwa hiyo wakati wa mbalamwezi mzigo mpya ni haba. Nenda siku za giza, ufike alasiri wakiwa wanakusanya vichanjani. Masika nunua kidogo tu, maana jua halitoshi na hata dagaa wake hawakauki sawasawa.