Mstari mmoja maana yake IMO: uzoefu wangu na stripu za kupima fentanili

Nimezitumia stripu hizi mwaka mmoja na nusu sasa, hapa Columbus, Ohio. Ni vipande vya karatasi vya kukuonyesha kama dawa ya mtaani imechanganywa na fentanili, dawa ya maumivu ya jamii ya heroini, yenye nguvu mno, inayoua kwa kiasi kidogo. Kabla sijasema zinafaa au hazifai, naanza na kosa lililokaribia kunitoa roho, kwa sababu wewe unayesoma Kiswahili ni rahisi kulifanya.

Aliyekulia kwetu anakijua kipimo cha haraka cha malaria. Unatobolewa kidole, tone la damu, unangoja nje kwenye benchi. Mstari mmoja, huna malaria. Miwili, unayo. Cha Ukimwi hivyo hivyo, cha mimba hivyo hivyo. Macho yetu yamezoea kwamba mstari wa pili ndio unaoleta habari mbaya. Stripu ya fentanili ni kinyume kabisa: mstari mmoja maana yake fentanili imo, miwili maana yake haikuonekana.

Usiku wa kwanza nilikuwa jikoni peke yangu baada ya shifti. Mezani kidonge cha samawati, herufi M upande mmoja, 30 upande wa pili, nimekisaga kwa kitako cha kijiko. Vidonge hivyo nilikuwa nikivinunua kwa mtu wa kazini tangu mgongo uliponikamata ghalani. Vya daktari viliisha, maumivu hayakuisha. Nikatenga unga kidogo kwenye kifuniko cha chupa, nikatia maji, nikachovya stripu, nikailaza juu ya tishu. Maji yakapanda polepole, pinki inayafuata nyuma. Mstari mmoja ukatoka, umekoza vizuri. Nikasema alhamdulillahi. Nikajimiminia glasi ya maji ili nimeze uliobaki.

Karatasi ya maelezo ilikuwa ya Kiingereza na Kihispania na sikuwa nimeisoma. Nilijiona najua, kipimo ni kipimo. Nilipoiokota niitumie kukombea unga mezani, nikauona mchoro: stripu mbili kando kwa kando, na ile ya mstari mmoja ndiyo iliyoandikwa kwamba fentanili imo. Niliiweka glasi chini na mkono ukawa hautulii. Nikakaa pale hadi alfajiri, sikumeza kitu, nikamfikiria kaka yangu.

Kaka yangu alikuwa teja, Kisauni, Mombasa. Tulimkuta choo cha nyuma, mlango umefungwa kwa ndani, bomba la sindano bado liko mkononi. Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba unga ni wa watu kama yeye, mimi natumia dawa ya hospitali. Lakini kile cha samawati hakikutoka hospitali yoyote. Ni vidonge vya kuiga, vinapigwa chapa kwa mashine, na shirika la serikali ya Marekani la kupambana na dawa za kulevya, DEA, lilipopima vidonge bandia vyenye fentanili lilivyokamata 2023, saba kati ya kumi vilikuwa na kiasi kinachoweza kuua. Kiasi chenyewe ni miligramu 2. Weka chembe chache za chumvi kwenye ncha ya penseli, ni kama hivyo.

Asubuhi nilimpigia yule dada wa kituo cha kubadilisha sindano aliyenipa zile stripu. Hakunihubiria. Alinieleza mstari unavyopotea, na tangu hapo sijasahau. Ndani ya stripu kuna chembechembe za rangi zinazosafiri na maji. Zikifika kwenye mstari wa kipimo hali hazijabeba kitu, zinanasa hapo na rangi inaonekana. Zikikutana na fentanili njiani, inazishika, zinakosa pa kunasia, zinapita, na pale pa mstari panabaki peupe. Kwa hiyo kile unachokiogopa hakichori, kinafuta. Mstari mwingine ni wa kuthibitisha kwamba stripu ni nzima. Usipotoka huo, hata kama ule wa kipimo umetoka, tupa, chukua nyingine. Na mstari wa kipimo ukitoka hafifu, kama umechorwa na penseli iliyochoka, unahesabika kuwa mstari.

Namna ya kupima niliyojifunza: kidonge nakisaga chote, sikwangui ukingo. Kwenye kifuniko kikavu na kisafi natia unga kama miligramu 10 na maji nusu kijiko cha chai, nakoroga. Nachovya ile ncha yenye mawimbi kwa sekunde 15 hivi, naitoa, nailaza, nangoja dakika 2 hadi 5. Ikiwa ni meth, maji yawe kijiko kizima, na ekstasi nayo haitaki maji machache, kwa sababu dawa hizo zikiwa nzito mno kwenye maji zinaweza kuifanya stripu iseme fentanili imo wakati haimo. Wengi wanakosea hapo, wakipata majibu ya uongo mara mbili wanaacha kuziamini hata zinaposema kweli.

Sasa ubaya wake. Stripu inajibu ndiyo au hapana tu, haisemi ni kiasi gani. Haioni nitazini, dawa nyingine za kutengenezwa za jamii hiyo hiyo ya heroini, ambazo nazo ni kali na zinaua. Zailazini, dawa ya kulazia wanyama inayochanganywa humu na kuacha vidonda visivyofunga, ina stripu yake mbali. Na anayetumia heroini ya mtaani katika miji mingi ya huku ataona mstari mmoja karibu kila siku, kwa hiyo kwake jibu hilo si habari tena. Atafaidika zaidi na kuanza kidogo na kuwa na mtu karibu. Mimi naona zinawafaa zaidi watu wa vidonge na watu wa kokeini, wale wasiotarajia kukutana na fentanili kabisa na ambao mwili wao haujaizoea.

Jambo jingine nimeliona kwa macho yangu. Ninayekaa naye nyumba moja huvuta kokeini mwisho wa wiki. Nimemsihi, hajaacha, na simfukuzi. Jumamosi moja tulipima ya kwake, mistari miwili. Akafurahi, akaanza kuisogeza karibu yake. Nikamwambia ngoja, tuchukue upande wa pili wa pakiti ile ile. Mstari mmoja. Tulitazamana bila kusema kitu. Ni kama iliki kwenye pilau: waweza kula sahani nzima usikutane nayo, tonge moja la mwisho ukaitafuna. Ndiyo maana huwa sisemi kwamba mistari miwili ni salama. Nasema kwamba kwenye kile nilichokichovya haikuonekana, basi. Alikuwa ameinunua kwa dola 60 na ni mtu anayehesabu senti. Aliimwaga chooni mwenyewe, akavuta maji mara mbili.

Kuhusu bei na sheria. Za kwangu zote nimezipata bure. Aprili 2021 serikali kuu ya Marekani iliruhusu pesa zake za miradi zinunue stripu hizi, ndiyo maana vituo vingi vya afya vikawa vinazigawa. Sheria ya jimbo ni kitu kingine. Hapa Ohio zilihesabiwa kuwa vifaa vya dawa za kulevya mpaka sheria ilipobadilishwa, mabadiliko yakaanza kazi Aprili 2023. Majimbo hayafanani, kwa hiyo uliza la kwako kabla hujaziweka kwenye gari. Kwetu sisi ambao bado tunahangaikia makaratasi, kesi ndogo ya vifaa vya dawa si ndogo. Niliogopa hilo kuliko nilivyoogopa kufa, na sasa nikikumbuka naumia, kwa sababu wapo wenzetu ambao hofu hiyo hiyo inawazuia hata kupiga 911, namba ya dharura ya huku.

Ukizichukua, chukua na Narcan. Ni naloksoni ya kupuliza puani, dawa ya kumrudisha aliyezidiwa na fentanili au heroini, na tangu 2023 inauzwa madukani bila cheti cha daktari, ingawa vituo vinavyogawa stripu kwa kawaida vinaitoa bure. Mtu akilala ukashindwa kumwamsha, midomo imegeuka rangi, anakoroma au pumzi inakatika, puliza pua moja, piga 911, mpulizie pumzi mdomoni, na baada ya dakika 2 au 3 akiwa hajarudi puliza ya pili kwenye pua nyingine. Nyumbani kwetu hakuna anayetumia kitu akajifungia chooni. Hilo nililisema siku ya kwanza na sikulieleza sababu.

Binamu yangu Mombasa aliniomba nimtumie stripu za kugawia vijana. Sikumtumia. Unga wa kule wanaouvuta na kujidunga ni heroini, na hatari yao kubwa ni heroini yenyewe ikichanganywa na bugizi, vile vidonge vya usingizi, na pombe. Stripu ya fentanili huenda ingewaonyesha mistari miwili, wakaona wamepewa ruhusa. Kule nawaombea naloksoni mikononi mwa watu wa maskani, siyo kabatini hospitali tu, na foleni ya methadoni, dawa ya kumsaidia mtu aache heroini, isiyomchosha mtu akarudi kijiweni.

Nikitakiwa kutoa nyota, natoa nne kati ya tano. Ile moja naikata kwa sababu ya karatasi ya maelezo. Mji huu una Wakenya, Watanzania, Wakongo, watu wanaosoma Kiswahili kila siku, na kosa nililolifanya mimi lingezuiwa na maneno manne ya lugha yetu.

Mimi sijameza kidonge cha mtaani tangu usiku ule. Arosto, mateso ya mwili kukosa dawa uliyoizoea, ilinipiga siku nne, jasho, tumbo, mifupa kama inasagwa, na Jumatatu nilikwenda kwa daktari nikaanzishiwa buprenofini, dawa ya kutuliza arosto na hamu, naitumia hadi leo. Stripu bado zipo, kwenye droo ya majani ya chai pamoja na Narcan, na juu yake ukutani nimebandika karatasi kwa kalamu nene: MSTARI MMOJA = IMO. Wiki iliyopita mama mmoja wa Kikongo, jirani wa ghorofa ya chini, alikuja kuazima sufuria akaisoma. Hakuuliza ni ya nini. Aliomba stripu tatu na karatasi tupu, akainakili pale pale mezani, akaandika "moya" badala ya "mmoja", akasema mtoto wake ataelewa vizuri zaidi hivyo.