Ua la popi la karatasi: nimelivaa miaka mingi, bado nalipa nyota tano

Kila ikifika mwisho wa Oktoba, mlangoni mwa stesheni ninayopandia treni hapa Uingereza hukaa mzee mmoja mwenye medali kifuani. Mapajani ana trei ya maua mekundu ya karatasi, pembeni kopo la michango. Maua hayo, ya kuwakumbuka askari waliokufa vitani, ni ya Royal British Legion, shirika la hisani la waliohudumu jeshini, na hayana bei. Mara ya kwanza nilimwuliza, "Paundi ngapi, mzee?" Akasema niamue mwenyewe. Kisha akanichagulia moja, akalinyoosha petali kwa kidole gumba kabla ya kunikabidhi, kama mtu anayemtengenezea mwanawe kola ya shati.

Ua lenyewe ni petali mbili nyekundu, jani la kijani na kitovu cheusi. Tangu 2023 lote ni karatasi. Zamani kikonyo na kitovu vilikuwa vya plastiki. Unaweza kulishika kwa pini, kulibandika, au kulipenyeza kwenye tundu la kifungo. Ukiona lenye petali nne na halina jani, hilo ni la Uskoti.

Baadhi ya maua ya kwanza, mwaka 1921, yalitengenezwa Ufaransa na wajane wa vita. Kwa jumla yalitoka milioni 9 na kukusanya zaidi ya paundi 106,000. Mwaka uliofuata Meja George Howson akafungua karakana London na maveterani watano walemavu, na umbo la ua likabuniwa ili mtu aliyepoteza mkono mmoja aweze kuliunganisha kwa ule uliobaki. Hilo nililijaribu. Nilichukua ua langu la zamani la plastiki, nikalifumua, nikatia mkono wa kushoto mfukoni. Kitovu kilinitoka mara tatu kikabingirika chini ya meza. Mara ya nne kikashika, nami nikabaki nimelitazama lile ua kwa muda mrefu. Mtu alikaa akafikiria vidole vya mwenzake mpaka akapata jibu, na mwenzake akapata mshahara.

Ndiyo maana nalipenda kuliko mawe ya ukumbusho. Pesa ya kopo huenda kwa waliohudumu jeshini na familia zao, walio hai na wenye shida leo.

Babu mzaa mama alikuwa keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki. Mwaka 1944 alikuwa Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakishuka bonde la Kabaw kuelekea Kalewa katika mvua za masika ambazo hakuchoka kuzisimulia: tope la magotini, nyumbu wakizama na mizigo yao. Huko babu alimzika rafiki yake kando ya njia. Kila tarehe 11 Novemba, siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani, saa tano kamili asubuhi, ghalani ninakofanya kazi mikanda ya mizigo huzimwa kwa dakika mbili, nami humtaja huyo rafiki kimoyomoyo kwa jina alilonipa babu.

Sasa onyo. Mwaka juzi niliona duka moja la mtandaoni likiuza bruchi (pambo la kubana nguoni) ya chuma yenye umbo la popi, inang'aa kweli, na chini yake maneno "sehemu ya mapato itakwenda kwa familia za askari waliofariki." Nikanunua. Ilipofika nikatafuta ni shirika gani na ni sehemu gani. Hakuna. Nikawaandikia mara mbili, kimya. Baadaye nikajifunza kwamba kwa sheria ya Uingereza na Wales ya mwaka 1992, mfanyabiashara akisema sehemu ya mapato itakwenda kwa shirika la hisani, lazima alitaje shirika hilo na aeleze fungu lake linavyopatikana. Kutumia marehemu kuuzia watu mapambo kuliniuma kuliko pesa niliyopoteza. Kwa hiyo kabla ya kulipa, soma namba ya usajili na uitafute kwenye rejista ya mashirika ya hisani. Iko wazi kwa kila mtu na haichukui dakika mbili.

Bruchi ile niliiweka droo. La karatasi ndilo liko kwenye koti langu la kazini, tundu la pili kutoka juu. Mzee wa stesheni siku hizi ana mashine ya kadi, lakini nendeni na sarafu pia, maana kopo likilia huinua macho na kushukuru.