Injini na saspensheni ya kisasa kwenye Camaro, Mustang au Charger ya kale: ununue nini kwanza

Karibu kila anayenunua gari la nguvu la Kimarekani la kati ya 1964 na 1972 huanza kwa kuulizia injini. Mimi swali hilo ningelisogeza liwe la pili. Mengi ya magari haya yalitoka kiwandani na breki za dramu magurudumu yote manne, usukani unaocheza na matairi membamba. Ukiliongezea gari kasi kabla hujalipatia uwezo wa kusimama, umejitafutia balaa. Kwa hiyo hapa injini haipimwi peke yake, inapimwa pamoja na bodi inayoipokea. Injini nzuri ambayo bodi inaikataa inashuka daraja.

Tuelewane kwanza kuhusu zile namba za zamani. Chevelle SS 454 ya 1970, kwa injini yake kali zaidi, ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 450, lakini enzi hizo injini ilipimwa kwenye stendi, bila eksosi ya gari wala vifaa vinavyoinyonya nguvu. Kuanzia 1972 viwanda vikaanza kutangaza nguvu ya injini ikiwa imevaa kila kitu. Maana yake 430 za LS3, injini ya kisasa ya Chevrolet, ni 430 kwelikweli, na injini yenyewe ni nyepesi kwa karibu kilo 100 kuliko lile dubwana la chuma.

Nafasi ya kwanza: injini ya lita 5.3 ya pikapu, kwa gari la Chevrolet au Pontiac

Ukoo wa injini za LS za General Motors ulianza na Corvette ya 1997, na kuanzia 1999 ndugu zake waliwekwa kwenye pikapu ya Silverado, kisha Tahoe na Yukon, kwa wingi usiohesabika. Ndiyo maana yadi za magari mabovu Marekani bado zimejaa. LM7, ile 5.3 yenye bloku ya chuma, hutoa nguvu za farasi 270 hadi 295 bila kuguswa, na hiyo inatosha kabisa kwa gari la kwenda nalo kazini.

Ukifika yadi, tazama herufi ya nane ya namba ya chesisi. T ni LM7. B ni L33, yenye bloku ya alumini na nguvu za farasi 310, iliyotoka 2005 hadi 2007. Ukiikuta kwa bei ya LM7, usianze maringo ya kupatana, lipa. Zile za baadaye zenye mfumo wa kuzima silinda nne barabarani zipite, maana tapeti zake zina historia mbaya. Fungua kifuniko cha oili uchungulie kwa tochi: ukiona utando mweupe kama maziwa, maji yameshaingia. Kisha chukua injini pamoja na waya zake zote, kompyuta, na pedeli ya mafuta ikiwa ni ya umeme. Waya zilizokatwa kwa msumeno hazina thamani, hata muuzaji akikuapia.

Bei ya injini ni mwanzo tu. Sampu ya pikapu, yaani bakuli la oili chini ya injini, ni ndefu mno kwa Camaro, itagonga chuma cha mbele. Utanunua ile fupi. Kompresa ya AC inakaa chini na hukutana na chesisi. Kabureta ya zamani iliridhika na presha ya petroli ya psi 5 hadi 7, hii inataka 58, kwa hiyo pampu ya ndani ya tangi, mipira mipya na regyuleta havikwepeki. Kinga ya wizi nayo lazima ifutwe kwenye kompyuta, la sivyo injini itawaka na kuzima papo hapo. Vipande vyote hivi vinauzwa dukani, vimekatwa kwa vipimo vya gari lako, na vibao vya kuifungia kwenye mauntingi za zamani ni vya bei ya chini. Hapo ndipo LS inapowaacha wengine.

Nafasi ya pili: LS3 mpya ya boksini

Kwa mwenye pesa na asiye na muda. Chevrolet wenyewe huiuza ikiwa na giaboksi na kompyuta zilizokwisha kupangwa zielewane. Unalipa mara nyingi zaidi ya pikapu, unapata waranti na usingizi.

Nafasi ya tatu: 5.0 ya Ford Explorer, kwa Mustang

Hapa wengi watabisha. Injini ya kisasa ya Mustang ni Coyote, iliyokuja na gari la 2011 ikiwa na nguvu za farasi 412, na kwa uhandisi inaipita LS. Shida ni upana. Ina kamshafti nne, na Mustang ya 1965 ina minara miwili ya shokomzoba iliyosimama ndani ya boneti kama nguzo za mlango. Ili Coyote iingie, minara inakatwa, saspensheni ya mbele inabadilishwa yote, na bodi inaongezewa vyuma kwa sababu minara ile ndiyo ilikuwa inabeba uzito. Sasa hiyo ni kazi ya fundi bodi mzuri, na ankara yake inaweza kuipita ya injini.

Explorer ya V8 ya 1996 hadi 2001 inabeba 5.0 ya ukoo uleule wa 302, injini ya zamani ya Ford, yenye kunyunyiza mafuta kwa kompyuta, na inakaa bila kukata kitu. Angalia mawili tu. Hedi za kuanzia 1997 zina plagi zilizoinama tofauti, zinataka manifoldi ya eksosi iliyotengenezwa kwa ajili yake. Na flaiwili ya 302 ya miaka ya 60 usiifunge humo. Mizani yake si sawa, gari litatetemeka mpaka meno yagongane.

Nafasi ya nne: Hemi 5.7, kwa Charger na jamaa zake

Injini hii ya Dodge ilianza kwenye pikapu ya Ram ya 2003 na nguvu za farasi 345. Kwenye Ram ya 2009 zikafika 390. Inaingia vizuri, ila boksi la stelingi hubanana na bomba za eksosi upande wa dereva. Sikiliza ikiwa baridi: mlio wa tik-tik usiokwisha ni tapeti na kamshafti. Vifaa ni vichache kuliko vya LS, kwa hiyo bei haishuki.

Miguu ya gari

Camaro ya 1967 hadi 1969 ina bahati. Chesisi yake ya mbele imefungwa kwa bolti, unaweza kununua nzima yenye wishboni (mikono inayoshika gurudumu) na breki mpya kutoka kwa watu kama Detroit Speed ukabadilisha ukiwa gereji ya nyumbani. Chevelle ina koili springi mbele na nyuma, kwa hiyo wishboni za juu mpya, shokomzoba nzuri na stabilaiza nene vinaibadilisha tabia. Charger hutumia torsheni baa, fito za chuma zinazojipinda badala ya springi za mbele. Nunua nene zaidi, uache kelele za wanaotaka kuzing'oa.

Mustang ya 1965 na 1966 ina dawa ya bei ya kutupa: toboa mashimo mapya ya wishboni ya juu inchi moja chini ya yale ya kiwandani, kwa kufuata kiolezo. Klaus Arning wa Ford ndiye aliyeibuni, na timu ya mbio ya Shelby ikaitumia. Gharama ni keekee na mchana mmoja, na gurudumu halilali tena vibaya kwenye kona.

Na kabla hujachomoa chochote, soma namba iliyogongwa kwenye bloku. Ikilingana na ya chesisi, injini ile ipake oili, ifunge plastiki, iweke chini ya meza ya kazi. Atakayekuja kulinunua gari siku moja ataiulizia kabla hajafungua mlango.