RL 550B iliyotumika au XL 750 mpya? Mimi nimeshaamua

Karibuni tena watazamaji wangu. Leo sizunguki, maana mashine hii hapa mezani imenikosha kweli. Ni Dillon RL 550B, mashine ya kujaza upya maganda ya risasi yaliyokwisha kufyatuliwa, imepita mikono ya watu, rangi yake ya bluu imeshabanduka pembeni, na bado inafanya kazi safi. Wengi mmekuwa mkiuliza: nichukue iliyotumika kama hii, au nijikakamue nipande hadi XL 750 mpya, mashine ya juu zaidi ya Dillon haohao? Kwa mtu anayejaza risasi zake za shabaha, mimi nasema chukua hii. Ngoja niwaonyeshe.

Uzito, vituo vinne vya kazi ambavyo ganda hupitia, kalibu (vifaa vya kuunda ganda) za nyuzi za kawaida, hayo mnayajua, nayaruka. Nataka muone kitu kimoja, nacho ni sahani.

Sogeza kamera hapa. Hili duara linaloshika maganda ndilo sahani. Kwenye 750 ukishusha mpini na kuurudisha, sahani inajizungusha. Hapa haiendi popote mpaka uizungushe mwenyewe. Angalieni kidole gumba changu. Nashusha mpini, ganda linapanda, fataki iliyokwisha, kile kidonge cha kwenye kitako cha ganda kinachowasha baruti, inasukumwa nje na ganda linarudishwa kwenye umbo lake. Narudisha mpini juu, nausukuma mbele kidogo... hapo, fataki mpya imekaa, na mkono umehisi inavyokaa. Sasa gumba kwenye nyota hii: tak! Tumehamia kituo cha pili. Nashusha, baruti inaingia. Narudisha, tak! Na hapa nasimama. Hakuna kinachonikimbiza. Nainamisha kichwa, naangalia ndani ya ganda, taa hii ndogo nimeifunga kwa kazi hiyo. Mnaiona baruti? Kimo ni kilekile cha ganda lililotangulia. Ndipo naweka kichwa cha risasi juu, nashusha, kinazama. Tak! Kituo cha nne kinabana mdomo, na ukizungusha tena risasi inateleza kwenye bakuli.

Ile nafasi ya kusimama ndiyo ninayoipenda. Ganda lisipopata baruti, fataki peke yake inaweza kusukuma kichwa kikakwama ndani ya mtutu, na ukifyatua nyingine nyuma yake mtutu unaweza kupasuka. Kwa hiyo jicho lako ndilo mkaguzi, na mashine hii inalipatia jicho muda.

Najua kuna watu wameshaanza kuandika huko chini: "Na ukisahau kuzungusha?" Hoja hiyo ina uzito. Ukivuta mpini mara mbili bila kugeuza sahani, ganda la bastola litapokea baruti mara mbili, na hilo ni baya kuliko kukosa. Dawa yake ni mazoea: ukishasukuma mpini mbele kukalisha fataki, gumba lifuate papo hapo, kila mara, bila kufikiri. Simu ikilia, au mtu akiingia, ganda lililo kwenye baruti litoe, limwage, anza upya. Halafu chagua baruti yenye ujazo mkubwa, inayopita nusu ya ganda, ili ikiingia mara mbili ifurike uione.

Siidharau 750. Ina vituo vitano, kwa hiyo unapata nafasi ya kifaa cha kukagua kimo cha baruti kinachopiga kelele mambo yakienda mrama, na ukiifungia kilisha-maganda cha umeme mkono wako unabaki na kazi ya kuweka vichwa tu. Anayeshindana kila wiki na kumaliza maelfu ya risasi, aende nayo. Lakini oneni hili: XL 650 iliyoitangulia ilikuwa na gurudumu la fataki lililosogea kila sahani inapozunguka, na walipotengeneza 750 wakaachana nalo, wakachukua mfumo wa kuteleza unaofanana na wa 550. Hornady Lock-N-Load AP, mashine ya kampuni nyingine, nayo naiheshimu, sahani yake inaenda nusu hatua mpini ukishuka na nusu ukipanda, kwa hiyo hairuki kwa kishindo. Hiyo nitaichambua kivyake, ipo kwenye foleni.

Sasa ukienda kununua iliyotumika, usiangalie rangi. Shika sahani uitikise: ikicheza sana juu-chini, uliza boliti yake imekazwaje. Pandisha nguzo ya katikati polepole, sikiliza mchanga; masizi ya fataki yanasaga chuma yasiposafishwa. Chungulia kikombe cha fataki na ncha ya plastiki ya mrija wake, hizo huliwa mapema. Kwenye kipimo cha baruti, angalia kama kinarudishwa na springi za zamani au fimbo ya chuma. Kama ni springi, badilisha uweke fimbo. Huo ndio uboreshaji wa kwanza wenye maana, kabla ya mapambo yote wanayowauzia. Na uliza kama sahani na vitufe vya shaba (vinavyozuia maganda yasitoke kwenye sahani) vya kaliba yako, yaani ukubwa wa risasi zako, vimo, la sivyo utavinunua kando. Ukiuziwa Square Deal B, mashine nyingine ya Dillon, ukaambiwa "ni sawa tu", si sawa: inatumia kalibu zake yenyewe, haziingii kwenye mashine nyingine.

Bei? 550 iliyotumika ikizidi robo tatu ya bei ya 550 mpya, nunua mpya. Udhamini wa Dillon wa maisha kwa 550 hauulizi wewe ni mmiliki wa ngapi, ndiyo maana wauzaji hawashuki kirahisi. Super 1050 na RL 1100, mashine zao kubwa, hazimo kwenye udhamini huo, msichanganye.

Na sheria ya nchi yako kuhusu kujaza risasi iangalie kabla ya kutoa hata senti. Kiasi cha baruti msiniulize huko chini, sitajibu. Fungua kitabu cha mtengenezaji wa baruti yako, anza na kiwango cha chini. Video ijayo naifungua hii 550B yote, boliti kwa boliti, niisafishe mkiona.