Huduma ya kuandika na kuhifadhi wosia RITA: niliyoyaona

Baba yetu alifariki bila kuacha wosia, na nyumba yake ilikaa miaka 6 ikiwa bado kwa jina la marehemu, kwa sababu ukoo ulishindwa kukubaliana nani awe msimamizi wa mirathi. Mama aliishi humo huku mashemeji zake wakipima uwanja kwa kamba mbele ya macho yake. Jambo hilo ndilo lililonipeleka RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, mtaa wa Makunganya jijini Dar es Salaam, ofisi ambayo wengi wetu tunaijua kwa vyeti vya kuzaliwa tu, ilhali huandika wosia na kuuhifadhi pia.

Nilidhani kazi yangu ni kutaja nani apate nini. Ofisa aliyenihudumia alianzia mbali zaidi: hati ya nyumba ina jina la nani, mke wangu amechangia nini, watoto wote ni wangapi wakiwamo wa nje ya ndoa, na shamba la Kisarawe nililinunua kwa maandishi gani. Swali la shamba lilinishika, kwani karatasi ya mauziano ilikuwa imelowa miaka mingi iliyopita na saini ya muuzaji haisomeki. Wiki iliyofuata nilimfuata mzee yule, ambaye namshukuru Mungu yu hai, tukaandikishana upya mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Kwangu hiyo ndiyo faida kubwa ya kujipanga mapema, maana kasoro ile ingeibuka nikiwa kaburini, wanangu wangekuwa na shamba wasiloweza kulithibitisha.

Maelezo ya sheria yalikuwa mepesi kueleweka. Kwa wosia wa kimila ulioandikwa, anayejua kusoma na kuandika huhitaji mashahidi wasiopungua 2, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje, na asiyejua huhitaji 4. Anayerithi asiwe shahidi. Mwislamu anayefuata sharia huusia kisichozidi theluthi ya mali yake, tena kwa wasio warithi. Wosia hubadilishwa wakati wowote maadamu akili ni timamu.

Ninaipendekeza huduma hii kwa moyo wote, hasa kwa wenye ardhi na familia kubwa. Ningependa itangazwe hadi vijijini kama vinavyotangazwa vyeti vya watoto, kwa kuwa huko bado wapo wanaoamini kwamba kuandika wosia ni uchuro. Anayeuhifadhi amweleze pia msimamizi aliyemteua mahali ulipo. Mimi nimemkabidhi dada yangu stakabadhi mkononi.

Mama, ambaye nyumba ile hatimaye imeandikwa kwa jina lake, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaingia chumbani na kutoka na bahasha ya hati. Tunakwenda naye Jumatatu.